Ufagio wa Mpini Mrefu

Mkufunzi alitoka Nairobi kuja kutufundisha kukaa. Hivyo ndivyo tulivyolisema jambo hilo kwa kejeli katika afisi ya hoteli, huko Bofa, kabla hajafika: watu wazima, wenye watoto, tunaletewa mtu atufundishe kukaa. Lakini shingo ilikuwa ikiniuma tangu nilipoanza kazi ya kupokea maombi ya vyumba, na mwenzangu wa hesabu alikuwa akiamka na ganzi vidoleni. Tukamsikiliza. Alishusha viti, akainua kompyuta juu ya marundo ya karatasi mpaka macho yakatazama mbele badala ya chini, akatuambia nyayo nzima zikanyage sakafu na viwiko visining'inie.

"Na muwe mnainuka," akasema. "Mwili haukuumbwa uwe sanamu."

Baada ya majuma machache shingo iliacha kuniuma. Sina la kumlaumu mtu yule. Aliyotufunza yalikuwa kweli. Ila yalikomea mlangoni mwa afisi.

Nje ya mlango ule, tangu alfajiri, kundi la wanawake lilikuwa likifagia mchanga wa ua, kuanzia bwawa la kuogelea hadi ufuoni. Mmoja wao alikuwa mama mdogo, ndugu wa mamangu tumbo moja, aliyenilea kwake Malindi. Walitumia fagio za chelewa, zile njiti za makuti zilizofungwa kitita, ambazo ukizisimamisha hazifiki juu ya goti. Kila mtu wa pwani anaujua mkao wake: miguu imenyooka, mwili umekunjwa kiunoni, mkono mmoja unafagia na wa pili umelazwa mgongoni. Msichana hufunzwa hivyo kabla hajafunzwa kupika. Akifagia wima ataambiwa ni mvivu, au ana kiburi, na matusi hayo hayaishii kwake, yanafika kwa mamake. Nimewasikia wakwe wakimsifu mke wa mwana wao kwa neno moja tu: anainama.

Mama mdogo aliinama miaka mingi. Kufikia saa nne za asubuhi hakuweza tena kusimama kwa mara moja. Alijinyoosha kwa vipande: kwanza magoti, kisha viganja juu ya mapaja, kisha kiuno, na uso umekazwa ili mtu asisome kitu. Muda wote huo alikuwa kibarua. Msimu ule meneja alikuwa ametangaza kwamba wafagiaji wachache wataajiriwa moja kwa moja, wapate bima ya matibabu na mshahara hata wageni wakiondoka. Aliitaka ajira hiyo kuliko kitu chochote.

"Nikipata hiyo, mwanangu," aliniambia, "hata mwezi wa tano nitajua nitakula nini."

Siku ya mwisho ya mafunzo nilimwomba mkufunzi atoke nje aone. Alisimama akawatazama wale wanawake kitambo, kisha akamgeukia meneja. "Hawa ndio ungeanza nao," akasema. Meneja alikuwa mtu wa bara, mpole, asiyependa ubishi. Alikubali papo hapo. Seremala akakata miti ya mkilifi, yaani mwarobaini, kimo cha kifua, akafunga chelewa kwenye ncha, na kila mfagiaji akapewa wake.

Kicheko cha asubuhi ile nilikisikia nikiwa ndani.

"Haya, askari wameingia kazini!"

"Mwenzetu, wafagia au wapiga kasia?"

"Mwacheni, leo amekuwa bibi wa Kizungu."

Mama mdogo ndiye pekee aliyeendelea. "Chekeni," aliwajibu. "Mgongo huu sikuuazima kwa mtu." Wengine waliiegemeza ile miti ukutani, ikabaki hapo. Nilimwuliza mmoja wao kando, mama wa makamo kutoka Jilore, kwa nini hautumii wake. Hakunificha. "Mgongo wauma," alisema, "lakini waniuma mimi peke yangu. Huo mti waonekana na watu wote."

Yeye mama mdogo alianza kupona. Saa nne ilimkuta amesimama kama watu wengine. Siku moja, adhuhuri, nilipita chumba cha wafanyakazi nikamwona akiswali, anarukuu na kusujudu bila kushika ukuta. Mwaka mzima uliotangulia alikuwa akiswali kitini. Asubuhi nzima alikuwa akiuinamia mchanga wa wageni, na ilipofika zamu ya Mola wake, mgongo ulikuwa umekwisha.

Kisha nikaanza kusikia maneno. Msimamizi wa wafagiaji alikuwa akimsema. Nikamfuata nikamwuliza wazi.

"Kazi yake ina kasoro?"

"Haina."

"Mchanga hautakati?"

"Watakata, tena upesi."

"Basi?"

"Basi nini? Watazame wewe mwenyewe. Wenziwe wameinama, yeye amesimama. Meneja akipita ataona nani afanya kazi?"

Nikaenda kwa meneja pia. Alisema yeye binafsi hana neno na ule mti, ila wageni wakiwa kwenye chai ya asubuhi hupenda kuona mambo ya kienyeji, na akanionyesha ile picha kubwa iliyotundikwa mapokezini: mwanamke ameinama, ufagio mkononi, bahari nyuma yake. Nilimwuliza ni nani. Hakujua. Nikawauliza na wengine, hakuna aliyejua. Uso ulikuwa umetazama chini. Kilichopigwa picha ni mgongo.

Hayo yote nilimweleza mama mdogo jioni ile. Aliniacha nimalize, akanishukuru, akauliza kama nimekula.

Asubuhi ya uteuzi niliwaona kupitia dirishani, meneja na msimamizi, wakija polepole kutoka upande wa bwawa. Mama mdogo aliwaona kabla yangu. Akauficha ule mrefu nyuma ya kichaka cha asmini, akachomoa mfupi chini ya kikapu cha majani makavu, akainama. Walimpita kwa karibu.

"Kazi nzuri, mama," akasema meneja.

"Ahsante, bwana," akajibu, bila kuinua kichwa.

Alasiri alikuja dirishani kwangu. "Nimepata," alisema.

"Hongera, mama. Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi."

Alikuwa amekishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, ingawa pale palikuwa na kivuli.

"Basi kesho urudie ule mrefu," nikamwambia. "Sasa hawawezi kukuondoa kwa hilo."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jambo mbele ya wageni.

"Wamemwajiri yule waliyemwona," alisema. "Kesho wakinikuta wima watasema nimewadanganya."

Akauokota ufagio wake mfupi, akaenda nyuma ya jikoni, kwenye mapipa ya taka, ambako mgeni hafiki wala meneja hapiti. Akainama, akaanza kufagia.