Nusu ya Andazi

Kila Januari kilio cha watoto wapya kilifika hadi kwenye mashine ya kusaga, na watu wa mtaa wa Kikuyu wakajua kwamba Mwalimu Generosa amefungua chekechea. Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa: mikeka, kasha la vizibo vya soda vya kuhesabia, na mlango wa bati ambao nao ulilia kila ulipoguswa. Generosa alikuja Dodoma na mumewe Optatus, dereva wa wizara, wizara ilipohamishwa kutoka Dar es Salaam. Hakupenda vumbi la mji huu, lakini akawapenda watoto wa hapa.

“Mtoto ni mmoja, wanaolia ni wawili,” alizoea kusema. Kwa hiyo alisimama mlangoni asubuhi, mkono wa kulia ukimpokea mtoto, wa kushoto ukimsukuma mama nje taratibu. “Aga, ondoka, usigeuke nyuma.” Kinamama walimnung’unikia, kisha wakamshukuru.

Alikuwa na desturi nyingine. Kabla ya uji, kila mtoto alisimama aseme watu wake wako wapi. “Mama yuko sokoni, anauza nyanya.” “Baba yuko Bungeni, anapiga deki.” Generosa aliamini kwamba mtoto anayejua mama yake aliko, moyo wake hutulia, hata kama macho bado yana machozi.

Mwaka ule ofisi za serikali zilikuwa zimeanza kupunguza wafanyakazi, na watu wengi walitembea mjini wakiwa na nyuso za wagonjwa. Ndipo akaja Loisi, msichana wa miaka minne, akiletwa na baba yake. Gerson alivaa suti ya kijivu na tai, mkononi brifkesi. Akachuchumaa mbele ya mwanawe.

“Baba anakwenda ofisini. Sawa?”

Loisi alikamata mguu wa suruali kwa mikono miwili, akalia hadi sauti ikakauka.

Ikawa hivyo kila siku. Wenzake walinyamaza mmoja mmoja, wakapata marafiki, wakapata na maadui. Loisi alilia tu. Zamu yake ya kusema ilipofika, alitazama mkeka.

“Yule baba anaaga kama anakwenda Uchina,” alisema Anjelina, mpishi wa uji, Mgogo wa Miyuji asiyeficha jambo. “Mwalimu, mfukuze. Anambembeleza mno mtoto.”

Generosa alikubaliana naye. Kesho yake alimbandua Loisi mguuni, akamwambia baba, “Nenda, Baba Loisi. Usigeuke.” Gerson alikwenda. Loisi akalia zaidi kuliko siku zote.

Jumanne mchana alikuja mama, Erica, mpiga chapa, bado ana wino vidoleni.

“Shikamoo, Mwalimu. Akiendelea hivi hadi Ijumaa, Jumamosi nampeleka kijijini Mvumi kwa mama yangu. Siwezi kufanya kazi huku nasikia kilio masikioni.”

“Marahaba. Na baba yake anasemaje?”

“Baba yake siku hizi hasemi,” alijibu Erica, akamfunga mtoto mgongoni ingawa miguu ilikuwa mirefu mno kwa mgongo.

Generosa alikosa raha. Hakuwahi kushindwa na mtoto hivi, na alijua Mvumi maana yake nini: mtoto akipelekwa kwa bibi, nyumba hubaki na watu wawili wasioongea.

Jumatano, wakati wa uji, alikaa mkekani karibu na Loisi. Akaona mtoto anakata andazi lake katikati, nusu anakula, nusu anatia mfukoni mwa gauni.

“Hiyo ya nani?”

“Ya baba.”

“Baba si atakula huko ofisini?”

Loisi alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anayemwelewesha mtoto. “Ofisini hawamtaki. Anakaa kule kwenye benchi la zahanati, nilimwona tukipita na mama. Peke yake.” Akaushika mfuko wa gauni. “Mimi nikiwa huku, nani atakaa naye?”

Generosa aliweka kikombe chini. Siku zote hizo alidhani mtoto anaogopa kuachwa.

Alimwachia Anjelina darasa, akaenda zahanati. Gerson alikuwepo kwenye benchi la wagonjwa, brifkesi mapajani. Alipomwona mwalimu, alisimama haraka.

“Nasubiri dawa.”

“Dawa ya nini?”

Gerson akakaa. “Walinipunguza kabla ya Krismasi. Mama Loisi anajua. Mtoto nilitaka asijue.”

“Anajua. Anakuwekea andazi.”

Gerson aliinamisha uso, akaufuta kwa tai.

“Mimi nimekosea,” Generosa alisema. “Nilikwambia uage na uondoke. Sikukuuliza unakwenda wapi. Baba Loisi, mtoto haagwi kwa uongo.”

“Nimwambie nini sasa? Baba anakwenda kukaa?”

“Tafuta pa kwenda.”

“Liko shamba la karanga la mama yangu huko Nzuguni, majani yamelimeza,” alisema polepole. “Lakini nipite Kikuyu na jembe, Mwalimu, mbele ya watu niliokuwa nao ofisini?”

“Hilo siwezi kukusaidia.”

Alhamisi hakuna aliyekuja, si baba si mtoto. Usiku Optatus alimuuliza mkewe mbona chumvi imezidi.

Ijumaa mlango ulikuwa umejaa wazazi wenye viatu vya kung’aa Gerson alipotokea. Amevaa shati kuukuu na mabuti ya mpira, jembe begani. Bwana mmoja mwenye tai alisema, “Aa, mheshimiwa, leo kikao kiko shambani?” Watu wakacheka. Gerson alichuchumaa.

“Loisi, ofisini siendi tena. Nakwenda Nzuguni kupalilia karanga. Nitarudi kukuchukua.”

Loisi, mkono mmoja ukishika suruali ya baba, aliyatazama mabuti, akaligusa jembe.

“Na nani?”

“Na bibi. Tutakuwa wawili.”

Mtoto alifikiri. Kisha akatoa mkono kwenye suruali, akaupapasa uso wa baba yake, akasema, “Haya, nenda basi.” Akaingia darasani bila kugeuka.

Aliyebaki amesimama mlangoni ni Gerson, macho yamejaa maji.

“Baba Loisi,” Generosa alimsukuma kwa mkono wa kushoto, “usigeuke nyuma.”

Kabla ya uji Loisi alisimama mwenyewe kabla ya kuitwa. “Mama yuko ofisini, anapiga chapa. Baba yuko Nzuguni, analima na bibi.” Akakaa, akala andazi lake lote. Halafu akamfuata Anjelina jikoni na kikombe kitupu.

“Naomba lingine. La baba. Watu wa jembe wana njaa.”

“Mama yangu!” Anjelina alisema. “Huyu ameshazoea.” Akampa mawili.