Mkangafu Ndani ya Mtego wa Panya

Mtego wangu wa kwanza ulikuwa mzuri kiasi kwamba panya hawakuthubutu kuuchafua. Niliutengenezea Makambako, kwenye chumba nilichopanga, kwa kutazama video na kukosea sana: ndoo kubwa, kopo tupu la nyanya lililotobolewa huku na huku, na spoku ya baiskeli iliyopita katikati. Kopo unalipaka siagi ya karanga, ndoo unaitia maji. Panya anapanda ubao ulioegemea ndoo, anakanyaga kopo, kopo linazunguka, naye anatumbukia. Ubao niliupiga msasa. Ndani ya ndoo nilichora mstari wa kalamu: maji yasizidi hapo, panya asije akaruka nje. Halafu nikaufuta na kuuchora tena kwa rula, kwa sababu ulikuwa umepinda na ningeuwaza wiki nzima. Ndivyo nilivyo.

Nilipoufikisha nyumbani Njombe, mama hakuutazama mstari. Panya walikuwa wanatafuna machipukizi ya viazi vyake vya mbegu stoo, na wakati wa kupanda ulikuwa umefika. Sumu alishainunua. Lakini kwenye kona ya stoo hiyohiyo kuku wetu mwekundu alikuwa ameatamia, na kila tulipomhamisha alirudi palepale akifoka. Kuku huyo hudonoa kila kitu. Sumu ingemaliza panya, kisha yeye.

"Nakupa mpaka Ijumaa, jumuiya ikiisha kusali hapa," mama alisema. "Usiponasa hata mmoja, naweka sumu. Kuku nitapata mwingine. Mbegu nitaitoa wapi?"

Siku zikapita, mtego ukabaki unang'aa. Nilirekebisha ubao, nikabadilisha siagi, nikachungulia kila nilipopita mlangoni.

"Panya wanakuogopa wewe," mama akasema, "si mtego."

Ijumaa jioni, nikiwa nimepiga magoti stoo nanyoosha spoku iliyokwisha kunyooka, baba mdogo aliingia kwa mlango wa nyuma na kidumu chake cha njano. Ukoo mzima unakijua kidumu kile. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, hakikauki, na siku hiyo kilikuwa na mkangafu, ule uliochacha mpaka unawasha pua. Nje tukasikia salamu, "Kamwene! Kamwene!" Watu wa jumuiya walikuwa wameshafika uani, na mama anawakaribisha.

"Mtoto wa kaka, nisitiri," akanong'ona.

Kabla sijajibu, alikuwa ameyachota maji ya mtego wangu kwa kata na kuyatia kwenye beseni, akaumimina ulanzi wote kwenye ndoo, kisha akatia yale maji kidumuni.

"Baba mdogo, umezidisha mstari!"

"Mstari gani tena?"

Tukaingia sebuleni. Mama alikiona kidumu, akakinyanyua mbele ya wageni, akanusa. Maji. Akanusa tena. Baba mdogo akanywa funda moja, ametulia kama mtoto wa kipaimara, huku mimi nikikumbuka maji yale yamekaa na siagi ya karanga tangu Jumatatu.

Mzee wa kanisa akaanza kuomba. Mimi nilikuwa nauombea mstari. Ndoo imejaa mno, sasa panya ataruka nje, kuku atakufa, na kosa si langu. Ndipo kutoka stoo ikasikika: chubwi!

"Amina!" baba mdogo akasema kwa nguvu.

Mzee akapandisha sauti, akaendelea. Chubwi!

"Amina!"

Bibi aliyeketi karibu nami alianza kutetemeka mabega. Niliuma kitenge chake, sikujua hata nimekishika saa ngapi. Chubwi ya tatu ilipolia, mzee mwenyewe alifungua jicho moja, akaomba kwa kifupi sana, na Amina ya mwisho ikatoka pamoja na vicheko.

Tulikimbilia stoo wote. Harufu ilitupokea mlangoni. Mama akatazama ndoo, akatazama kidumu, akamtazama baba mdogo.

"Shemeji."

"Shemeji, nilikuwa nasaidia mbegu."

Mzee wa kanisa aliinama juu ya ndoo. "Wawili wamekwisha. Huyu wa tatu anaogelea kwa mduara. Ameshalewa, mama, hajui hata mlango uko wapi."

Mama alijitahidi kukasirika. Nilimwona anajitahidi, midomo imekaza, kisha akakaa juu ya gunia na kucheka mpaka kilemba kikamwangukia mapajani. Kuku mwekundu alitufokea sote bila kunyanyuka kwenye mayai.

Akanikabidhi pakiti ya sumu, bado imefungwa. "Rudisha dukani. Na wewe shemeji, kesho lete mkangafu mwingine."

Baba mdogo akang'aa uso wote.

"Wa panya," mama akasema. "Na nitaumimina mimi mwenyewe."

Uso ukazima. Nikatafuta kalamu, nichore mstari mpya, juu kidogo.