Mgeni wa Mninga katika Ofisi ya Mwalimu Verdiana

Aliyeingia kwa mara ya kwanza katika ofisi ya Mwalimu Verdiana aliona jambo moja kabla hajamwona vizuri mwenyewe: mwalimu mkuu huyo hakuutazama mlango. Kiti chake alikielekeza dirishani, na wageni alizungumza nao kwa kupinda shingo, kama kuku aliyesikia mwewe. Sababu ilisimama juu ya kabati, pembeni mwa mlango. Ilikuwa kinyago cha mninga, mdomo wazi, masikio marefu kama ya punda.

Desturi ya kinyago hicho walimu wakuu wa Mikumi na Kisanga walijitungia wenyewe. Kila matokeo ya darasa la saba yalipotoka, walilinganisha wastani wa shule zao, na iliyoburuza mkia ikakabidhiwa kinyago. Sharti lake lilikuwa kukaa ofisini, mahali ambapo kila mzazi atakiona.

Verdiana alizaliwa Kilosa, mjukuu wa manamba aliyeletwa kukata mkonge, na ualimu ulikuwa heshima ya kwanza kuingia katika ukoo wao. Shule yake ya Mitondooni, huko ndani Kisanga, ilikuwa na walimu watatu, na watoto walikaa sakafuni. Shule za barabarani Mikumi zilikuwa na wazazi wenye nyumba za wageni na vibanda vya kuuzia madereva wa malori. Tangu biashara binafsi ziruhusiwe, wazazi hao waliwalipia watoto wao tuisheni jioni. Lakini wastani hauulizi nani alikaa sakafuni.

Mwaka 1997 Verdiana aliapa kumtoa ofisini mgeni yule wa mninga. Ndipo akamtazama Kishiwa.

Kishiwa alikuwa binti wa Mzee Shimba, Msukuma aliyehamia Kisanga na ng'ombe wake. Hesabu alizipenda, ila Kiswahili cha kuandika kilimkwamisha, na shule alikuwa ameianza kwa kuchelewa. Wiki ya mtihani, Verdiana alikwenda hadi kwao. Binti alipiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia baba. "Mzee, kichwa chake hakijaiva. Abaki nyumbani siku hizo mbili za mtihani. Akifanya sasa, atajiharibia."

"Wewe ndiye unayejua, Mwalimu," alisema Shimba.

Kishiwa alikuwa amekwisha kuchonga penseli yake.

Verdiana alirudi na moyo mwepesi, kwani kwa akili yake asiyefanya mtihani hahesabiwi. Kumbe wastani ulipigwa kwa wote walioandikishwa, na aliyekosekana alibeba sifuri. Siku ya mkutano wa matokeo Mikumi, Mitondooni ilitajwa ya mwisho tena, na sifuri ile moja ndiyo iliyoiangusha chini ya shule iliyoitangulia.

"Dada Verdiana, mgeni wako ameshazoea ugali wa kwako," alitania Mwalimu Melkizedek wa shule ya barabarani. "Mpe na kitanda kabisa!"

Watu waliangua kicheko. Verdiana alikibeba kinyago kifuani, akapita katikati ya malori yaliyoegeshwa, madereva wakimpigia honi.

Hilo halikuwa baya zaidi. Alipokwenda kumtafuta Kishiwa ili aandikwe upya darasa la saba, alikuta zizi tupu. Familia ilikuwa imehamia ng'ambo ya mto, upande wa Zombo. Mvua kubwa za mwaka ule zilikwisha kuanza. Alivuka maji ya magoti, baiskeli begani.

"Umechelewa, Mwalimu," alisema Shimba. "Ulisema kichwa chake hakijaiva. Nikaona basi, shule imemkataa. Watu wameshakuja kumposa, na ng'ombe tumeshawataja."

"Nilikudanganya, Baba Kishiwa. Angeweza kujaribu. Niliogopa kinyago."

"Kinyago gani?"

Alimweleza. Shimba alicheka mpaka akafuta macho, kisha kicheko kikakatika.

"Mti! Mwanangu ametolewa shule kwa ajili ya mti?"

Nyuma ya kibanda Kishiwa aliacha kutwanga, mchi ukabaki juu.

"Mimi si mtu wa kuvunja maneno yangu na wenzangu," Shimba alisema mwishowe. "Lakini nitakaa na hao waliokuja kuposa. Wakikubali kungoja, nitamleta mwenyewe Jumatatu ya kufungua shule. Nisipomleta, Mwalimu, usivuke tena."

Wiki zilizofuata mvua haikumpumzisha mtu. Ukuta wa darasa la nne ulianguka, na habari kutoka ng'ambo zikakatika. Verdiana aliacha kula vizuri. Wakati mwingine alijikuta ofisini akikitazama kinyago usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumatatu ile mbingu ilitakata kidogo. Alipiga kengele, ambayo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, akaita majina ya darasa la saba. Alipofika kwa Kishiwa aliita kwa sauti kubwa zaidi. Mstari ulikaa kimya.

Aliingia ofisini, akakigeuza kiti. Sasa alikaa ameuelekea mlango, kinyago mbele yake, na kupitia mlangoni akaiona njia ya mtoni, yenye matope na tupu. Maji yalikuwa yamepungua tangu jana; mtu mzima aliweza kuvuka, na mtoto akishikwa mkono.

Mchana ulikuwa bado. Alimwambia mwalimu wa zamu asiufunge mlango.