Risala Iliyogoma Ndani ya Simu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka lami tu hapa Kihesa, mke wangu huwatangazia majirani kama vile nimeondoka nchini. Nafuma masweta ya wanafunzi kwa mashine, nakaa karibu na jiko la mkaa, nasikiliza redio, na kwa baridi hii ya Iringa sijaona mtu wa kunilaumu. Sijaona kwa maana zote, maana macho yangu yaligoma nikiwa mtoto. Wavivu wenzangu hutafuta kisingizio, mimi nilizawadiwa.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike aliponipigia kutoka Mbeya kuniambia sendofu yake imepangwa, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kabla hajakabidhiwa kwa wenzetu, nilianza kukohoa mapema ili nipate ugonjwa wa kunibakiza.

"Acha hicho kikohozi," akasema. "Risala ya familia utasoma wewe."

"Nitakuja niseme maneno mawili."

"Sikusema useme, kaka. Nimesema usome. Kusema unasema kila shughuli."

Hapo alinipata. Kwenye shughuli zetu zote kazi yangu ilikuwa moja. Nashikwa mkono, napelekwa mbele, mtu anasema, "Na huyu ndiye kaka yetu mkubwa, naye tunamshukuru Mungu yupo," watu wanapiga makofi kana kwamba nimevuka mto wenye mamba, napunga mkono upande ambao pengine hauna mtu, narudishwa kwenye kiti. Risala anasoma mwingine. Safari hii mdogo wangu alitaka kaka yake asome kama kaka za wenzake wanavyosoma, na mimi, nisijifanye mkubwa, nilitaka zaidi yake.

Kusoma nasoma vizuri. Simu yangu ina sauti inayotamka kila kilichoandikwa. Naweka hedifoni sikio moja, sauti inanisomea sentensi, naitoa kwa mdomo wangu huku nikipokea inayofuata. Inahitaji mazoezi, kama kula na kuongea bila kupaliwa. Niliandika risala wiki nzima, nikaifanyia mazoezi mbele ya mke wangu mpaka akaanza kuitumia kunitania. Nikiomba chai, anajibu, "Ndugu wageni waalikwa, chai ipo jikoni."

Aya ya mwisho sikumsomea. Ilikuwa ya mdogo wangu peke yake. Ilihusu miaka aliyokuwa akinisomea vitabu vya sekondari kwa sauti, yeye mwenyewe akiwa bado darasa la tano, akitamka maneno ya baiolojia asiyoyaelewa, na hata mara moja hakuwahi kuniambia amechoka.

Siku mbili kabla ya safari, simu ikajifanyia apdeti.

Nasema ikajifanyia. Mke wangu anasema niliikubali mwenyewe nikiwa nasinzia na simu mkononi, na hilo shauri bado liko mahakamani. Kwa miezi mingi ujumbe ule ulikuwa unakuja, nami nabonyeza "Baadaye". Sisi tusioona hatuna haraka na apdeti. Wenzetu wanaoona apdeti ikiharibika wanalalamika kuwa rangi imebadilika. Sisi ikiharibika, nyumba nzima imezimwa taa na mlango umehamishwa.

Ilipowaka, sauti haikutoka kabisa. Nikaizima, nikaiwasha. Ikatoka, lakini ikawa na tabia mpya mbili. Ya kwanza, ilikuwa inasoma mistari michache halafu inaruka kurudi juu kabisa na kuanza upya, bila aibu. Ya pili, mara nyingine iliitoroka hedifoni na kupayuka kwenye spika ya nje.

"Ndugu wageni waalikwa," ikasema. Ikasoma kidogo. "Ndugu wageni waalikwa."

"Hiyo imelewa," mke wangu akasema.

Nikawaandikia watengenezaji kwenye ile sehemu ya malalamiko, kwa adabu zote nilizofundishwa sekondari. Jibu lilikuja upesi: wanasikitika kwa usumbufu, je, naweza kuwatumia picha ya skrini inayoonyesha tatizo? Nilikaa na hilo swali muda mrefu. Nipige picha ya kitu nisichokiona, imwonyeshe anayeona kitu kisichoonekana. Mke wangu aliuliza mbona nacheka peke yangu. Sikuwa nacheka.

Mimi na mke wangu tukafika Mbeya Ijumaa. Mdogo wangu, badala ya kwenda kusukwa nywele, akanishika mkono mpaka kwa fundi simu mmoja aliyesifiwa na kila mtu. Tukamweleza: inaruka, inapayuka, kesho tuna shughuli. Fundi akasema tumwachie, tukapate chai hapo jirani. Tukaenda kunywa chai. Kosa hilo sitalisahau.

Simu yangu, kama za wengi wetu, skrini yake naizima makusudi iwe nyeusi muda wote. Mwanga wa nini kwangu? Inatunza chaji, na abiria wa jirani hasomi meseji za mke wangu. Nimezoea hivyo kiasi kwamba sikukumbuka kumwambia fundi, kama wewe usivyomwambia fundi viatu kwamba una miguu.

Tuliporudi alitupokea kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya.

"Bosi, nimepata tatizo. Kioo kimekufa."

"Kioo kizima," nikasema.

"Bosi, mimi ndiye ninayeangalia. Giza tupu. Nimeshafungua, kioo kingine ninacho hapa."

Nikanyoosha mkono juu ya meza yake. Simu ilikuwa vipande viwili, na pembeni kuna visahani vya skrubu. Nilihisi kama nimegusa mgonjwa wangu tumbo likiwa wazi.

"Kaka yangu haoni," mdogo wangu akasema taratibu sana, namna anayoongea akikaribia kumrukia mtu. "Skrini ameizima mwenyewe."

Fundi akauliza, kwa nia njema kabisa, "Sasa huwa anaionaje?"

Mdogo wangu akaanza kucheka, fundi naye akacheka kwa woga, na mimi nikabaki nimekunja uso peke yangu, maana kichekesho kilikuwa changu na sikukitaka. Fundi aliirudishia vizuri, na pesa hakuchukua. Kuhusu kuruka akasema, "Hilo la apdeti, bosi. Mpaka watoe nyingine." Kuniambia nisubiri, jioni ya kuamkia shughuli!

"Nikuchapishie kwenye karatasi, asome mtu mwingine?" mdogo wangu akaniuliza tukitembea. Aliuliza taratibu, na hilo ndilo lililoniuma. Tayari alikuwa anajiandaa kunisamehe.

"Nitasoma," nikasema. Huo ndio ubishi wa mtu anayekaa ndani sana. Hana mazoezi ya kushindwa hadharani.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Mshereheshaji akaniita, nikashikwa mkono, nikafika mbele, nikaweka hedifoni. Makofi ya mto wenye mamba yakapigwa. Nikaanza. Aya ya kwanza ikatoka safi, na nikasikia ukumbi unatulia, ule utulivu wa watu waliotarajia kuhurumia na sasa wanasikiliza. Aya ya pili nayo. Nikafika katikati ya ya tatu, kwenye shukrani kwa wakwe zetu wa Mafinga, na ile sauti ikanitoroka sikioni, ikapayuka kwenye spika, karibu kabisa na maikrofoni:

"Betri, asilimia arobaini na moja."

Ukumbi mzima.

"Familia ina chaji, ndugu zangu!" mshereheshaji akadakia, na kina mama wakapiga vigelegele. Nikacheka nao, maana ungefanyaje. Nikagusa tena ili niendelee.

"Ndugu wageni waalikwa," simu ikasema.

Nikaipeleka mbele kwa kidole, mstari mmoja mmoja, watu wakisubiri. Nikakaribia. Ikarudi juu. Nikaipeleka tena. Ikarudi. Mama mmoja wa Kinyakyusa upande wa kushoto akaita, "Ndaga fijo, baba, tumekushukuru, kaa!" Alimaanisha wema. Wema wa namna hiyo naujua, ndio unaoniketisha kila siku.

"Mwacheni," sauti ya mdogo wangu ikasikika kutoka meza ya bibi harusi, bila maikrofoni.

Walinisubiri. Lakini simu haikuniacha. Mara ya tatu iliporudi juu nilikuwa na jasho mpaka kwenye soksi, na maneno ya aya ile ya mwisho, niliyoyaandika mwenyewe, yalikuwa yamenipotea yote.

"Risala yetu bado inaendelea," nikasema, "ila sehemu iliyobaki imegoma kutoka. Ikitoka tutawajulisha."

Makofi. Nikapunga mkono. Nikaketishwa.

Baada ya harusi watengenezaji wakatoa apdeti nyingine. Kusoma kukarudi sawasawa. Wakaondoa kitu kingine: simu ikiita, sasa siwezi kuipokea, naigusa na kuigusa inaendelea kuita mpaka mtu akate tamaa. Kwa hiyo sikungoja mdogo wangu anipigie, nilimpigia mimi kwa simu ya mke wangu, yangu ikinisomea sikio la pili. Yuko Mafinga sasa, nyumba yao iko karibu na mashine ya kupasulia mbao ya mumewe.

"Una nafasi?" nikamuuliza. "Ile sehemu imetoka."

Hakuuliza ipi. Nikamsomea. Nilikuwa nimefika kwenye baiolojia pale mashine ya mbao ilipoanza kunguruma nyuma yake, nikaendelea kusoma hivyo hivyo mpaka mwisho, nisijue amesikia nini. Nikamsikia akitembea, akifunga mlango, kisha mwingine. Mngurumo ukapungua.

"Kaka," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika kidogo. "Sijasikia vizuri. Rudi juu, anza upya."

Nikarudi juu kwa kidole changu mwenyewe.

"Ndugu wageni waalikwa," nikasoma.