Inspekta Pipi na Sababu ya Kujitia Hamnazo

Mume wangu ni mpelelezi wa kwenye televisheni. Barabarani hawamwiti jina lake, wanamwita Inspekta Pipi, kwa sababu kwenye tamthilia anayoigiza hakagui maiti kabla hajatia pipi mdomoni. Huvaa kofia nyuma mbele, humuuliza mtuhumiwa kama sofa lake linabonyea, hujikwaa kwenye zulia, huzunguka na kiti cha ofisini mpaka bosi wake anashika kichwa. Wenye hatia wote humdharau. Kisha, kipindi kikikaribia kwisha, anamtaja muuaji, na hakosei.

Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi, anakilaani kipindi hicho na hakosi kukitazama. "Mtu mzima na ndevu zake, anacheza kama mtoto wa chekechea," husema. "Mimi sikumlea hivyo." Mimi hujifanya sijasikia, maana kubishana na mama mkwe ni kazi ya mtu asiye na kazi nyingine.

Nusura kibarua kimwotee mume wangu nyasi. Alikuja mwongozaji mpya, dada mmoja mkavu ambaye hata ukimtekenya hacheki. Katika sehemu ya kwanza aliyoishika, mwanamke amekutwa chini ya ngazi, hana fahamu, na Inspekta anamhoji mumewe. Mwongozaji akataka mahojiano hayo yapite bila utani hata chembe. Mume wangu akashindwa. Kila mwigizaji mwenzake alipopandisha sauti, yeye mzaha ulimtoka, tena ambao haumo kwenye maandishi. Wakarudia na kurudia mpaka fundi wa taa akaomba kiti.

"Kaka," mwongozaji akamwambia pembeni, "huyu Inspekta ana akili kuliko wote humu. Kwa nini anajitia hamnazo?"

"Ndivyo alivyoandikwa."

"Hilo si jibu. Nataka jibu kesho. Ukilikosa, Inspekta anahamishwa kituo, na msaidizi wake ndiye atakayeendelea na kipindi."

Alirudi nyumbani amenywea. Nilikuwa chumbani nampigia pasi mashati.

"Eti mke wangu," akasema, "yule Inspekta anachekesha kwa nini?"

Nilitamani kumrushia pasi. Mtu huyu akiingia sebuleni, hata koti hajavua, ameshajua nani kamnunia nani, nani kalia na nani anaficha kitu. Halafu ananiuliza mimi.

"Baba yako alikuwa anavuaje viatu?" nikamuuliza.

Akakaa kitandani. Aliwahi kunisimulia habari hiyo wakati wa uchumba wetu, tena kama kichekesho, na mimi sikucheka. Baba yake akivua viatu taratibu, kimoja kimoja, siku hiyo ilikuwa salama. Akivitupa ukutani, kuna mtu angepigwa, na si watoto. Hapo mume wangu, wakati huo hata meno ya mbele hana, alijifunga shuka kichwani akatokea sebuleni akimwigiza jirani yao anavyopiga chafya. Aliongeza mbwembwe mpaka baba acheke. Baba akicheka, mama alikula kwa amani.

"Umeanza upelelezi kabla hujajua kusoma," nikamwambia. "Ulikuwa unasikiliza viatu. Na utani ndio silaha pekee uliyokuwa nayo."

Aliangalia soksi zake. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia yule mzee, ingawa tulishamzika.

Kesho yake alimweleza mwongozaji. Alimwambia kwamba Inspekta akiona mtu amepandwa na hasira, anachekesha ili asiumizwe mtu, na kwamba watu wakishacheka husahau kuwa anawaangalia.

"Usiniambie mimi," mwongozaji akasema. "Iambie kamera."

Kwenye maandishi, binti mdogo wa mtuhumiwa alipangwa afanye vituko pamoja na Inspekta, watazamaji wapumue kidogo. Mume wangu aliomba abadilishe hapo tu. Walipiga mara moja, na habari ya kumhamisha Inspekta haikutajwa tena.

Siku ya kurushwa tuliketi sebuleni watatu. Mama mkwe alianza kulalamika hata muziki wa kipindi haujaisha. Kwenye skrini binti alikuwa amevaa kofia ya polisi inayomfika puani, anatembea mwendo wa bata. Askari wanacheka. Baba yake naye anacheka. Inspekta hacheki. Alipiga magoti mpaka macho yao yakalingana, akamsemesha kwa sauti ambayo mimi huisikia nyumbani tu.

"Unajua kuchekesha," akamwambia. "Baba akicheka, nani anapona?"

Mtoto akavua ile kofia. Baba yake akaacha kucheka.

Mama alichukua rimoti akapunguza sauti. Miaka yote hiyo aliamini watoto wake hawakujua lolote. Alikuwa akifunga mlango, akilia mdomo kwenye mto, asubuhi akiwaambia amejigonga kabatini. Mume wangu alikuwa ameinama, hathubutu kumtazama.

"Mimi," mama akasema. "Nilikuwa napona mimi, mwanangu."