Baiskeli ya Kilo Tisa na Nusu

Baiskeli yangu ya kukunja ilikuwa na kelele za aina tatu. Bawaba ya katikati ililia kila nilipokanyaga pedali ya kulia, mnyororo ulikwaruza kifuniko chake, na kile chuma cha kufungia usukani kiligongagonga kwenye kila shimo, na kutoka Fedha, ninakofanya kazi, hadi Tassia, tunakoishi, mashimo hayahesabiki. Mafundi wanne waliitia grisi. Wa tano alikata kipande cha kandambili akakisokomeza kwenye bawaba. Ikanyamaza siku mbili, kisha ikaanza tena kwa sauti nyembamba zaidi. Watu wa mtaa walinijua kwa kelele kabla ya kuniona, na wengine walinicheka waziwazi. Sikuwajali. Mwanamke wa miaka hamsini na minne juu ya baiskeli tayari ni kichekesho, kelele ilikuwa nyongeza tu.

Kilichonishinda ni uzito. Tunaishi orofa ya tano, jengo halina lifti, na baiskeli niliyokuwa nayo kabla ya hiyo niliiacha chini ikaibiwa kabla ya chai ya saa nne. Msimamizi wa jengo aliniambia hataki kesi, kila mtu apande na mali yake. Basi nilipanda na mali yangu, kilo kumi na sita begani, nikipumzika kila orofa, mchana na jioni.

Mchana nilikuwa narudi kwa sababu ya mume wangu. Kiharusi kilimpata mwaka jana, miezi michache baada ya kustaafu kazi yake ya ufundi wa reli. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakawa yanatoka nusunusu. Mimi nashona sare za shule kwenye karakana moja upande wa Fedha, na mapumziko yetu ya mchana ni saa moja. Kwa miguu, saa hiyo yote ingeishia njiani, na boda boda kila siku ingekula mshahara. Kwa baiskeli niliweza kufika, nikampa chakula na dawa, nikamsaidia kwenda msalani, nikarudi mashineni kabla msimamizi wangu hajaanza kutazama saa. Maisha yetu yote yalitegemea magurudumu mawili.

Ndugu zake wawili hawakuupenda mpango huo. Nyumbani kwao, huko magharibi, nyumba haina ngazi, kuna uwanja na kuna watu wa kumwangalia kutwa nzima. Kaka mkubwa alinipigia simu mwanzoni mwa mwezi.

"Shemeji, hatukulaumu," alisema. "Lakini mtu hawezi kufungiwa juu kama njiwa. Tutakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi tumchukue."

Nilimwambia hajafungiwa.

"Ameshuka mara ngapi tangu atoke hospitali?"

Alikuwa ameshuka mara mbili, kwenda kliniki, na mara zote mbili alibebwa na vijana wanne akiwa kwenye kiti cha plastiki. Mume wangu alikuwa amekaa hapo karibu, simu iko kwenye sauti kubwa, na alisikia kila kitu. Alitazama dirishani mpaka simu ikakatwa, kisha akasema, "Si-siendi." Niliogopa sana. Tumekaa pamoja miaka thelathini, na nilijua akishapelekwa huko nitakuwa namwona Krismasi na Pasaka, kama mgeni.

Wiki hiyo hiyo bega langu liligoma. Nilifika orofa ya nne nikashindwa kuinua mkono, nikakaa kwenye ngazi na baiskeli mapajani huku watu wakinipita. Daktari alinieleza bila kupinda maneno kwamba nikiendelea kubeba chuma hicho, hata kushona nitaacha. Sasa, nisipofika nyumbani mchana, ndugu wangekuwa na sababu nzuri ya kumchukua, na mimi nisingekuwa na la kujibu. Niliamua kutafuta baiskeli nyingine, nyepesi, yenye magurudumu madogo kwa sababu ngazi zetu zina kona kali na baiskeli kubwa hukwama hapo. Isiyokunjwa. Bawaba nilikuwa nimezichukia.

Jumamosi moja kabla ya ile ya ndugu nilienda soko la Gikomba. Muuzaji wa baiskeli za mtumba, kijana mwenye maneno mengi, alinitolea ya buluu, gurudumu inchi ishirini.

"Mathe, hii ni unyoya," alisema. "Utabeba na kidole."

Kwa wauzaji kila kitu ni unyoya, hata friji. Nilimwachia kitambulisho changu na ile baiskeli ya zamani kama dhamana, nikaenda na ya buluu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mtaa wa pili, ambaye ana mizani ya kuning'iniza. Mzee huyo aliitundika kwenye ndoana, akatazama kwa jicho moja, akasema, "Kumi." Nilifurahi kuliko inavyostahili. Kabla ya kulipa, hata hivyo, niliamua kuijaribu kwenye daraja la waenda kwa miguu, kwa kuwa lina ngazi ndefu kama zetu. Kufika katikati, bega lilikuwa linawaka. Niliteremka nikarudi kwa mzee na kumwambia mizani yake ni mbovu.

"Mizani ni nzima," alisema, na hakukasirika hata kidogo. "Ilisoma kumi na tatu. Nimekutolea mpira na kiti. Hapa tunalipia chuma tu."

Alikuwa amenipimia kama anavyompimia kila mtu, na kwa haki kabisa. Nilimweleza kwamba mimi nitabeba mpira pia. Alicheka hadi akashika mizani isimwangukie, kisha akaniambia nilete zote nitakazo, atapima na vumbi lake. Nilikwenda na kurudi mara nne. Muuzaji alinung'unika kwamba hajawahi kutokea mteja wa kupeleka baiskeli hospitali kabla ya kuinunua. Ya nne ilikuwa ya kijani iliyopauka, fremu ya alumini, gia moja, haina kikapu wala keria wala kengele. Mzee alisoma kilo tisa na nusu, mpira ukiwemo. Daraja nililipanda na kushuka mara mbili bila kusimama. Ile ya kukunja niliiacha kwa muuzaji, naye akaipokea kwa sura ya mtu anayepokea mgonjwa.

Nilipoipandisha nyumbani jioni ile nilitarajia mume wangu afurahi. Aliizungusha pedali kwa mkono wa kushoto, akatega sikio. Mnyororo haukusikika. Uso wake ulikunjamana, akasema, "Mbaya." Niliudhika. Nimezunguka Gikomba siku nzima kwa ajili yake, bega linauma, halafu mtu aniambie mbaya. Niligeuka nikaenda kupika.

Kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likinisumbua siku hizo, dogo sana. Suruali zake zilikuwa zinaisha makalioni. Mimi ni mshonaji, najua kitambaa kinavyochakaa, na hizi zilikuwa zinakwaruzika kama za mtoto wa nasari. Nililaumu kiti chake. Nilikishonea mto mnene wa vipande vya sare, rangi ya hudhurungi, na nikatia viraka suruali mbili. Ya tatu ikaisha vilevile.

Jumatatu mchana, siku yangu ya kwanza kazini na baiskeli mpya, nilifika mlangoni bila hata mbwa kugeuza kichwa. Niliinua baiskeli kwa mkono mmoja, nikapanda orofa ya kwanza, ya pili, sikupumzika. Kabla ya kufika ya tatu nilimwona mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, miguu mbele, mkono wa kushoto umeshika chuma cha pembeni. Nyuma yake alisimama jirani yetu wa orofa ya tatu, mama mmoja auzaye nguo huko Majengo mwisho wa wiki, ameshika bakora ya mume wangu kwa mkono mmoja na kikombe cha maji kwa mwingine.

"Mzee, umeanguka?" niliuliza.

Alitikisa kichwa.

"Hajaanguka, mama. Yuko kazini," jirani alisema. "Hii wiki ya tatu anashuka hivi. Akisikia ile kitu yako huko kona, anaanza kurudi juu. Ukikunja baiskeli, ukipanda, ukipumzika, yeye amefika. Leo hukusikika."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Aliniambia nikisema utamkataza."

Kweli ningemkataza. Nilikasirika pale pale. Nilimwambia zile ni ngazi za saruji, kwamba akipasuka kichwa ndugu zake hawatangoja Jumamosi, kwamba mimi navunjika bega ili akae salama naye anateleza kwa makalio kama mtoto. Nikakumbuka suruali, nikakasirika zaidi. Alinisubiri nimalize. Ananijua, hunisubiri hivyo tangu zamani. Kisha alivuta pumzi, akayatafuta maneno moja moja.

"Jumamosi," alisema. "Wa... wanikute chini."

Niliona haya, nikamwonea na huruma, na nikampenda kuliko nilivyokuwa nimempenda kwa miezi mingi, kwa sababu miezi hiyo nilikuwa nimemhesabu kama kazi. Chakula chake kilikuwa juu. Dawa zilikuwa juu. Baiskeli nisingeweza kuiacha kwenye ngazi. Lakini nilikuwa nimeishika kwa mkono wa kushoto tu, na wa kulia ulikuwa mtupu. Nikampa. Aliinuka kwa shida, jirani akimwinua kwa nyuma, na tukageuka kuelekea chini, ngazi moja, tunapumzika, ngazi nyingine. Nilimpigia msimamizi wangu nikamwambia nitachelewa. Alifoka, nikamwacha afoke.

Jumamosi ndugu walifika na gari la kukodi, godoro limetandikwa kiti cha nyuma. Walimkuta mbele ya duka la langoni, amevaa kofia yake ya reli, bakora katikati ya magoti. Kaka mkubwa alitazama juu, akahesabu orofa kwa macho, akajifuta shingo kwa leso. Hakuonyesha dalili ya kutaka kuzipanda.

"Nani amekubeba?" alimuuliza.

Midomo ya mume wangu ilihangaika kidogo, nami nilijizuia kumsaidia.

"Miguu," alisema.

Orofa mbili za juu alikuwa amezishuka kwa makalio, na suruali mpya ilikuwa shahidi, lakini mimi na jirani hatukufungua mdomo. Shemeji walikunywa chai hapo hapo dukani, wakaongea habari za mahindi na mvua, na saa tisa wakaondoka na godoro lao.