Kikombe cha Mdakaji wa Upande wa Jua

Sifa zote ni zake Mola aliyetupa macho kabla hatujajua kumwomba, kisha akatupa na umri wa kuyatumia. Namshukuru kwa afya, kwa riziki ya leo, na kwa watu wema alionikutanisha nao katika mji huu ambamo sikuzaliwa lakini umenivumilia mpaka uzee. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, nataka kusimulia habari ya kikombe kidogo cha bati na watu wawili waliokuwa wakikigombea.

Mimi ni mtu wa Unguja. Nilikuja Dubai kijana, nikafanya ukarani wa mizigo kwenye gati za Deira, na sasa kampuni moja karibu na uwanja wa ndege imeniachia meza na kazi ya kukagua hati, ingawa wenzangu wa rika langu wamekwisha pumzika. Nyuma ya maghala yetu pana kiwanja kitupu cha changarawe. Miezi ya baridi, kila Jumapili alasiri, huchezwa besiboli pale.

Mchezo huo uliletwa na msimamizi wa ghala, Mfilipino aliyeupenda tangu utotoni. Alianza na Wafilipino wenzake. Walipopungua akaongeza Wakenya, Waganda na Watanzania, watu ambao hawajawahi kulishika gongo lile la mbao. Nikitoka kuswali Alasiri napita hapo, na siku moja wakaniwekea kiti cha plastiki kivulini. Nilikaa kwa adabu tu. Jumapili iliyofuata nikakikuta kiti kinaningoja, na taratibu wakaanza kuniuliza, "Mzee, huyu ametoka au hajatoka?" Kiti ndicho kilichonifanya mwamuzi.

Kwa asiyeujua mchezo, inatosha kusema hivi. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, na watatu wanasimama mbali kabisa, nyuma, kungoja mipira mirefu. Mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, aliyeupiga ametoka.

Mwaka huu, joto lilipoanza kurudi na msimu ukawa unakwisha, msimamizi alinunua kikombe cha mdakaji bora wa nyuma. Akataka tuamue watu watatu: yeye mwenyewe, mimi, na mama mmoja wa Nakuru anayesimamia wasafishaji katika hoteli, ambaye hakosi mechi na sauti yake husikika hata ndege zikipita.

Waliostahili walikuwa wawili tu, hakuna aliyebisha hilo. Wa kwanza ni kijana wa Mwanza anayefanya kazi katika ghala la baridi. Yeye husimama katikati. Mpira ukipigwa anatimua mbio, anajitupa changaraweni kifudifudi, na anapoinuka viwiko vinatoka damu na mpira umo kwenye glavu. Watu hupiga mbinja mpaka madereva wa malori wanateremka kutazama. Wa pili ni Mkenya wa Kitale, mlinzi katika jengo moja refu kule Marina. Yeye husimama upande wa mashariki, jua la alasiri likiwa usoni, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka upande huo. Alikuwa akija moja kwa moja kutoka kanisani, shati la ibada limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na wiki ile ya mechi ya mwisho alikuwa anarudi kwao moja kwa moja.

Jumapili moja kabla ya mechi hiyo, tulikaa watatu na chai.

"Khalas, tumalize," msimamizi alisema kwa Kiingereza chetu cha kazini. "Mlinzi anaondoka. Tumpe yeye. Huyu wa katikati yupo, atapata mwakani."

Mama wa Nakuru akaweka chai chini. "Hiki kikombe ni cha kudaka ama ni cha kwaheri? Mimi ni Mkenya kama yeye na simpi. Huyu wa Mwanza ndiye analeta watu hapa. Huyo mwingine mpira unamjia tu mkononi kama ameuagiza. Hebu niambieni, mmewahi kuona suruali yake imechafuka?"

Tulicheka. Kweli, suruali yake ilikuwa safi siku zote.

"Mzee, unasemaje?"

Nikasema, "Mpeni msafiri. Kumfurahisha msafiri kuna kheri."

"Roho yako ni nzuri, mzee," mama akasema, "lakini sijasikia ukitaja kudaka."

Tukakubaliana kungoja mechi ya mwisho. Lakini maneno ya chai hayakai kwenye chai. Katikati ya wiki, mlinzi alikuja ofisini kwangu akiwa katika sare ya kazi, kofia mkononi. Alinisalimu, akakataa kuketi.

"Mzee, nimesikia mnataka kunipea kikombe juu ya vile naenda nyumbani."

"Tumelizungumza, mwanangu. Ni kwa mapenzi."

"Najua ni mapenzi. Lakini kama ni hivyo, msinipe." Alikuwa akiizungusha kofia vidoleni. "Nimesimama kwa mlango wa ile nyumba miaka mingi. Watu wananisalimia wakiangalia simu. Wiki ijayo atasimama mtu mwingine na hawatajua kama tumebadilishwa. Hakuna siku mtu ameniambia, kazi hii umeifanya vizuri. Pale uwanjani ndio mahali pekee mimi najijua nafanya kitu vizuri. Sasa mkinipa cha huruma, mzee, nitaenda nyumbani bila hata hiyo."

Nikaweka kalamu chini. Akatabasamu kunisaidia.

"Nitazameni tu. Mkiona ni yule wa Mwanza, mpeni. Ni rafiki yangu, nitapiga makofi kuliko nyinyi wote."

Alipotoka nilijiuliza: mimi nimemwona akifanya nini, msimu mzima? Nikatafuta akilini picha moja, sikuipata. Macho yangu yalikuwa yakiufuata mpira kama ya kila mtu. Yakifika kwa mlinzi, mpira ulikuwa umekwisha dakwa.

Nikamkumbuka marehemu baba yangu, Mungu amrehemu. Utotoni alikuwa akinichukua kuutafuta mwezi mwandamo. Jua likishazama, alinifundisha kuweka kiganja kando ya uso na kutoukodolea mwanga, bali kutazama pembeni yake. Na aliyesema ameuona mwezi aliulizwa kwanza: "Umeuona wewe, kwa jicho lako, au umeambiwa?" Watu wote walitamani uonekane, kwa sababu sikukuu ilikuwa inangojwa. Lakini kutamani hakukuwa ushahidi. Nami nilikuwa tayari kushuhudia kitu nilichokitamani tu.

Basi Jumapili ya mwisho nilikigeuza kiti changu, nikaupa mgongo upande wa gongo, nikawaelekea wadakaji.

"Mzee!" kijana wa Mwanza akapaza sauti. "Shikamoo! Mbona umetupa kisogo mchezo?"

"Marahaba. Nakutazameni nyinyi."

"Basi leo nitaruka mpaka nikufikie hapo ulipo!"

Akacheka, na kwa kweli aliruka. Mpira mmoja aliunyakua kwa ncha ya glavu huku mwili wake wote ukiwa hewani, nami nikajikuta nimesimama nikisema Allahu Akbar. Mja kama yule huwezi kujinyima furaha ya kumtazama.

Lakini siku hiyo nilimtazama na mwenzake. Kabla mpira haujarushwa, mlinzi alikuwa akijongea hatua chache, huku au kule, kutegemea nani ameshika gongo. Ndege ilipopita juu yetu na mlio wa gongo ukamezwa na ngurumo, wa Mwanza alibaki ameinama akisubiri, lakini mlinzi alikuwa ameshaanza kukimbia. Alikuwa akitazama mabega ya mpigaji. Kiganja chake kilikuwa kando ya uso, vile vile kama cha baba yangu. Na kila mpira ulipopigwa upande wa wenzake, alikimbia nyuma yao ili ukiwaponyoka umkute yeye. Haukuwaponyoka. Alirudi mahali pake, na mara nyingine akakimbia tena, bure. Hakuna aliyegeuka kumwona.

Mechi ilipokaribia kwisha, mpira ulipigwa juu sana upande wa jua, mbali na kila mtu. Mlinzi akaukimbilia. Nilimwona akinyoosha mkono, mpira ukaingia kwenye glavu, ukatoka, ukaanguka.

"Aaa!" uwanja mzima ukaguna.

Mama wa Nakuru akajipiga paja. "Basi. Imeisha hiyo."

Mlinzi aliuokota mpira, akautupa, kisha akasimama mikono kiunoni, akitazama chini. Nilimwonea uchungu kama wa mwanangu.

Tukakaa watatu. Mama akasema, "Nampenda kijana, lakini mpira umemponyoka mbele yetu sote. Tusidanganyane."

"Umeanguka," nikasema. "Sasa niambieni: mpira ule, nani mwingine angeufikia?"

Msimamizi akafikiri. "Hakuna, sir."

"Asingeukimbilia, ungedunda, tungesema mpigaji ana nguvu. Tungemlaumu nani? Tunamhesabia kosa kwa sababu alifika."

Nikawaeleza niliyoyaona, moja baada ya jingine. Mama alinitazama kwa makini. "Mzee, nikuulize na usikasirike. Hii si huruma ile ile imevaa kanzu nyingine?"

Swali lilikuwa la haki. "Binti yangu, nimejiuliza hilo. Lau yeye ndiye anayebaki na wa Mwanza ndiye anayeondoka, ningesema haya haya."

Kijana wa Mwanza alikuwa karibu akikusanya glavu, na hakujifanya hasikii. "Mama, mnasumbuka bure," alisema. "Mnadhani ile mipira naiona mimi? Huyu jamaa ndiye ananipigia kelele: nyuma, kulia, simama! Mimi natoa miguu tu."

"Na kujitupa kule?"

"Nimechelewa, mama! Ningewahi ningejitupa kwa nini? Unadhani changarawe ni godoro?"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. "Hata hivyo kura yangu ni yako," akamwambia. "Kikombe ni cha kudaka na wewe umedaka. Sibadilishi." Nikamheshimu kwa hilo. Msimamizi akaniitikia mimi kwa kichwa. Ikawa wawili kwa mmoja.

Mlinzi alipoitwa hakunyoosha mkono. Alinitazama mimi. "Ni juu ya nini, mzee?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya ndege na mabega ya mpigaji, habari ya kiganja, habari ya hatua zake kabla ya mpira, na ule ulioanguka pia sikuuficha. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipofika kwenye zile mbio za bure nyuma ya wenzake, akainua uso.

"Uliona hiyo?"

"Niliiona kwa jicho langu."

"Hiyo hakuna mtu huonanga," akasema. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, na rafiki yake wa Mwanza akapiga makofi kuliko sisi sote.

Adhana ya Magharibi ikalia. Nilipotoka kuswali nilimkuta amesimama pale pale, ameshika kiti changu, eti mzee asiibiwe, kikombe kimefungwa ndani ya shati la kanisani. Tuliagana kwa maneno machache. Sijamwona tena, ila najua alifika salama.

Msimu mpya umeanza, na siku hizi upande wa jua anasimama yule wa Mwanza. Aliuomba mwenyewe. Bado anachelewa, bado anajitupa, lakini nimemwona akianza kukimbia nyuma ya wenzake, na mimi kiti changu kingali kimewaelekea wadakaji.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akutakabalie kila jema unalolifanya pasipo wa kukuona. Akujaalie mtu mmoja, angalau mmoja, atakayekutazama vizuri na kukuambia kweli, na akufikishe kwenu salama kila utokapo. Amin.